Songea Akitazamwa Kutoka Milima ya Umatengo

Katika majalada ya Kijerumani jina la Songea limeandikwa kwa S mbili: Ssongea. Chabruma, mtawala wa Mshope, ni Schabruma. Liuli haimo, iliyomo ni Sphinxhafen, kwa sababu Wajerumani waliliona jabali la bandarini limefanana na sanamu kongwe ya Misri. Manda nayo ni Wiedhafen. Na katika barua na majarida ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliokuwa na makao kisiwani Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa, Wangoni wa Songea wanatajwa sana, lakini kwa jina la Magwangwara.

Kijana wa Mbinga anayetaka kuandika insha ya utafiti kuhusu Nduna Songea Mbano bila kuyajua hayo atashinda maktaba siku tatu na kutoka mikono mitupu, na habari alizozitafuta atakuwa amezipita zikiwa wazi mbele yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya kalamu na daftari: ukurasa mmoja wa majina. Jina alilojiita mhusika, jina aliloitwa na watu wake, jina alilopewa na adui, tahajia ya Mjerumani, tahajia ya Mwingereza, majina ya zamani ya mito, bandari na boma. Mtahini hatauona ukurasa huo, lakini kurasa nyingine zote zinatoka humo.

Habari za msingi za Songea zinajulikana. Alikuwa nduna, yaani jemadari na mkuu wa eneo, katika ufalme wa Njelu uliotawaliwa na Nkosi Mputa Gama. Wajerumani walipofika mwaka 1897 walijenga boma karibu na makazi yake, na mji ukabaki na jina lake hadi leo. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905, vikasambaa kusini yote, na vilipofika Ungoni misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Mwanzoni mwa 1906 viongozi wengi wa Njelu walikuwa wamekwisha kukamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa mjini Songea, Nkosi Mputa akiwa mmoja wao. Chabruma hakukamatwa, alivuka Mto Ruvuma akaingia eneo la Wareno.

Yote hayo yameenea katika aya moja, na insha nyingi za shuleni hazivuki hapo. Zinachukua aya hiyo na kuirefusha kwa sifa: shujaa, jasiri, mzalendo, asiyetetereka. Msomaji anafika ukurasa wa kumi akiwa anajua kile kile alichokijua ukurasa wa kwanza.

Tatizo liko kwenye swali. "Songea alikuwa nani?" ni swali lisilo na mlango, anayeingia humo hajui aanzie wapi wala aishie wapi, ndiyo maana anaishia kunakili. Swali la utafiti linahitaji mahali pa kusimama, na mwandishi anatakiwa kumwuliza mhusika wake jambo ambalo mahali anapoishi yeye panamwezesha kulijibu kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto wa Songea mjini ana swali lake. Mtoto wa Mbinga, anayekulia kwenye milima ya Umatengo au kando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, na jirani yake wa mwambao wa Mbamba Bay na Liuli, wana swali lingine, tena zito: kabla Mjerumani hajafika, nduna huyu na majeshi ya Njelu walikuwa nani kwa Wamatengo na Wanyasa?

Ni swali gumu kwa sababu jibu lake linauma. Lakini ndilo linaloweza kutoa insha ambayo haijaandikwa.

Wangoni walikuja kutoka kusini. Mababu zao waliondoka nchi ya Wazulu wakati wa misukosuko ya mwanzoni mwa karne ya 19, na kundi kubwa chini ya Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi Novemba 1835. Mwezi huo una funzo kwa mtafiti. Hakuna aliyekuwa na kalenda pale ukingoni mwa mto. Kilichobaki vinywani mwa watu ni kwamba siku ya kuvuka jua lilitiwa giza mchana, na wataalamu wa nyota, ambao huweza kukokotoa kupatwa kwa jua kwa karne nyingi zilizopita, wakalipata giza hilo katika hesabu zao. Neno lililopokewa kwa mdomo, babu hadi mjukuu, likakutana na hesabu ya mbinguni na vikathibitishana. Anayedharau simulizi kwa kuwa haikuandikwa aanze na kisa hicho.

Zwangendaba alifariki Ufipa miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika, na makundi mawili yakaishia nchi inayoitwa leo Ungoni, ambako zilizaliwa falme za Njelu na Mshope. Zilikuwa dola za kijeshi zilizoishi kwa mashambulizi. Majeshi yao yalikwenda mbali: Septemba 1882 Magwangwara walifika Masasi, mwendo wa wiki kadhaa kwa miguu, wakaivamia misheni ya UMCA na kuondoka na mateka. Waliotekwa au kutawaliwa waliingizwa katika jamii ya watekaji na kuitwa sutu, jina la kuwatofautisha na Wangoni wa asili. Kufikia 1905 sehemu kubwa ya askari waliobeba mikuki ya Ungoni walikuwa sutu hao au watoto wao.

Sasa mtafiti asimame milimani, Litembo au Kitanda, na kutazama chini. Kwa nini watu walilima kwenye miteremko mikali kiasi hiki, na mabonde ya chini yana udongo mzuri na maji? Simulizi za Wamatengo zinajibu kwamba milima ilikuwa kimbilio. Huko juu, kwenye eneo dogo lenye watu wengi, walikuza kilimo cha ngoro. Majani yanafyekwa mvua zikikaribia kwisha, yanalazwa katika mistari inayokatizana mpaka shamba linakuwa miraba. Halafu wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani. Kinachobaki ni mashimo mamia kwa mamia yaliyopakana kama sega la nyuki, kila shimo limezungushiwa tuta. Maharage yanapandwa kwenye matuta, mahindi yanafuata msimu mwingine. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mashimoni badala ya kubeba udongo kwenda bondeni, na majani yaliyozikwa yanaoza kuwa mbolea. Mwaka 1938 ofisa wa serikali ya Kiingereza, A. H. Pike, aliandika juu ya kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akionyesha kwamba Wamatengo walikuwa wakihifadhi udongo kwa ustadi wao wenyewe.

Shimo la ngoro, basi, ni ushahidi katika insha kuhusu Nduna Songea. Halina jina lake, halina tarehe, wala halithibitishi peke yake nani alimkimbia nani. Lakini ukiliweka karibu na simulizi za wazee, karibu na habari za mwambao ambako wasafiri wa miaka ya 1870 walikuta vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji ya ziwa ili watu wapate usalama, na karibu na barua za Masasi za 1882, picha inaanza kujichora. Watu wa mlimani na watu wa ziwani, kila upande kwa akili yake, walikuwa wakitafuta pa kulala wasifikiwe na mkuki.

Mtu huyo huyo ambaye mwaka 1906 alikufa akipinga utawala wa kigeni alikuwa kiongozi katika dola iliyowafanya majirani zake walale juu ya maji. Insha nzuri inabeba yote mawili bila kuangusha moja. Hapo ndipo waandishi wengi wanapata woga, wakidhani kusema la pili ni kumtukana marehemu au kuwakosea watani. Si kweli. Songea anayeelezwa kwa nguvu zake na madeni yake ni mtu. Songea wa sifa tupu ni sanamu, na sanamu haina maamuzi iliyowahi kuyafanya.

Kuna waliotangulia katika kazi hii, na walikuwa wanafunzi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo bado kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa nguzo zake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walitumwa wilaya za kusini wakati wa likizo kuwahoji wazee. Hesabu inaonyesha thamani ya mwaka ule: kijana aliyekuwa na miaka 15 vita vilipozuka alikuwa na miaka 78 wanafunzi walipobisha hodi. Walizungumza na watu walioyaona mambo kwa macho yao, kwa lugha walizozielewa, na kazi yao ikakusanywa ikiwa imepigwa chapa. Kutokana na mradi huo O. B. Mapunda na G. P. Mpangara walitoa kitabu chembamba mwaka 1969, The Maji Maji War in Ungoni. Mapunda ni jina la ukoo linaloitikiwa katika darasa lolote la Ruvuma. Wanafunzi wa leo wajue kwamba kitabu ambacho maprofesa wa Ulaya na Marekani wanakitegemea mpaka sasa kilitokana na kazi ya wanafunzi kama wao.

Hata hivyo kitabu hicho nacho kina umri na mazingira yake. Tanzania ya 1968 ilikuwa taifa la miaka michache, Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja, na Majimaji ilitafutwa kama mzizi wa umoja wa Watanzania: makabila mengi, adui mmoja. Mwandishi anayejenga nyumba ya taifa ataona zaidi mawe yanayoungana. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu cha watafiti kadhaa kilichoyarudia mambo hayo upya, wakauliza juu ya siasa za ndani za kila eneo, juu ya majirani waliokuwa na visasi vya zamani, juu ya waliokataa kupigana. Hawakuifuta kazi ya 1968. Waliisoma kama kila ushahidi unavyopaswa kusomwa: nani alisema, nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna chanzo ambacho hakikuwambwa na mtu.

Neno moja tu linaweza kulionyesha hilo. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita, alichapisha kitabu chake mwaka 1909, na katika jina la kitabu tukio lote ni "Aufstand", maana yake uasi. Mwasi ni mtu aliyevunja utii anaodaiwa. Je, Nkosi Mputa alidaiwa utii gani na kwa mkataba upi? Kitabu cha Mapunda na Mpangara kinasema "vita", na vita hupiganwa na pande mbili zenye haki ya kupigana. Mwandishi anayetafsiri taarifa ya Kijerumani na kuacha neno "waasi" lipite bila kulisimamisha amekwisha kuchagua upande pasipo kujua.

Kuhusu mahali pa kutafuta, maneno machache yanatosha. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya wakati wa Mjerumani na ya wakati wa Mwingereza. Karatasi za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin, nyingine kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hujifunza kuusoma kama alfabeti mpya. Karatasi za UMCA ziko Oxford. Lakini mtoto wa Mbinga asianze na nauli ya Berlin. Peramiho, iliyoanzishwa 1898, na Kigonsera, iliyoanzishwa 1899 ndani ya Mbinga yenyewe, ni misheni za Wabenediktini, na Wabenediktini ni watu wa kuandika. Padri Elzear Ebner alikusanya historia ya Wangoni katika kitabu kinachosomwa mpaka leo. Barua ya utambulisho kutoka shuleni, kituo kwa mtendaji wa kata, kituo kingine kwa mtendaji wa kijiji, na kazi inaanza.

Kigonsera inahusika na kisa hiki kuliko wengi wanavyodhani. Padri Johannes Häfliger wa misheni hiyo aliwahudumia wafungwa wa Songea kabla ya kunyongwa na kuwabatiza baadhi yao, na ni miongoni mwa walioacha maandishi juu ya siku zile. Fikiria ushahidi huo ulivyo: shahidi alikuwepo, aliwaona, aliongea nao. Na papo hapo alikuwa padri ambaye misheni za shirika lake zilikuwa zimechomwa, ambaye Askofu wake, Cassian Spiss, alikuwa ameuawa Agosti 1905 akiwa safarini katika nchi ya Liwale, na aliyeandika kwa wasomaji wa Ulaya waliotaka kusikia habari za roho zilizookolewa. Kila alichokiona kinapita katika vichujio hivyo. Mtafiti hakitupi, anakipima.

Basi kifo chenyewe kilikuwaje? Hapa mwandishi afanye kazi kwa ukaribu, kama fundi saa. Maadhimisho ya kila mwaka mjini Songea hufikia kilele tarehe 27 Februari, na idadi inayotajwa ya walionyongwa ni 67. Katika viwanja vya Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, eneo la Mahenge, kuna kaburi la pamoja, na kuna kaburi la Songea kando yake. Kwa nini yuko peke yake? Simulizi ya Songea inasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, yeye akakataa kubaki baada ya wenzake, akanyongwa siku chache baadaye. Inasema pia kwamba alizikwa bila kichwa, na kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Mwandishi mvivu atachagua tarehe moja na kuendelea. Mwandishi makini ataona kwamba tofauti hiyo ya siku chache ndiyo habari. Kama Songea alinyongwa siku moja na wengine, alikuwa mmoja wa wengi. Kama aliachwa nyuma, kuna mtu katika boma aliyekuwa na sababu ya kumbakiza, na kuna uamuzi alioufanya yeye mwenyewe, uamuzi wa mwisho wa maisha yake. Insha nzima inaweza kukaa juu ya siku hizo: taarifa ya boma inasema nini, padri anasema nini, ukoo wa Mbano unasema nini, kaburi limewekwa wapi na lini alama yake ilijengwa. Anayeweka ushahidi huo mezani na kuonyesha unapopatana na unapogombana amefanya utafiti, hata kama hakufika kwenye tarehe moja.

Habari ya kichwa imevuka bahari. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano katika makumbusho hayo, akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani na kuahidi msaada katika kukitafuta kichwa. Makumbusho ya Ujerumani yana mafuvu mengi yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, mengi yasiyo na jina. Taifa limewahi kupita njia hii: mwaka 1954 Gavana Edward Twining alirudisha Kalenga fuvu lililotoka Bremen likakabidhiwa kama la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, baada ya kulichagua kwa vipimo kati ya mafuvu mengi. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vya rula. Sasa kuna vinasaba, na mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa wamewapata Tanzania jamaa wa damu wa baadhi ya waliochukuliwa mafuvu yao. Familia inayongoja ina haki ya kungoja kwa matumaini. Mwandishi wa insha ana wajibu tofauti: kutofautisha kati ya simulizi, ahadi na kilichothibitishwa, na kuandika kila kimoja kwa jina lake.

Kutoka mlimani mpaka ziwani ni mwendo wa saa chache, na pale Liuli yupo shahidi mwingine. William Percival Johnson alizaliwa 1854 katika kisiwa cha Wight, Uingereza, akasoma Oxford, akafika Zanzibar 1876, na miaka ya mwanzo ya 1880 akaufikia mwambao wa Nyasa. Hakuuacha. Ugonjwa wa macho ulimpofusha jicho moja na kulidhoofisha la pili, naye akaendelea kutembea kijiji kwa kijiji na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja. Alifariki Liuli Oktoba 1928 na kuzikwa hapo hapo. Vitabu vyake viwili, kimoja cha 1922 juu ya ziwa na watu wake, kingine cha 1924 cha kumbukumbu za miaka ya 1875 hadi 1895, vimejaa habari za vijiji vilivyoishi kwa hofu ya Magwangwara.

Kwa swali la Mbinga, shahidi huyu ni hazina. Alikaa na walioshambuliwa. Lakini kumbukumbu za 1924 ni za mzee wa miaka 70 akieleza mambo ya ujana wake, macho yakiwa karibu yamezimika. Aliandikia Waingereza waliochangia misheni, na hofu ya wavamizi ndiyo iliyofungua mifuko yao. Tena alisafiri na mashemasi, walimu na mabaharia Waafrika waliojua lugha kuliko yeye, na wengi wao wanapita katika kurasa hizo kama kivuli. Afadhali wachache waliandika wenyewe. Padri Yohanna Abdallah wa Unangu, mashariki ya ziwa, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa 1919, na inathibitisha kwamba eneo hili lilikuwa na wanahistoria wake wakati ambapo wengi waliamini historia huandikwa na mgeni tu.

Liuli ina onyo moja pia. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, ikiongozwa na Kapteni Rhoades, ilifika Sphinxhafen na kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa nchi kavu ikitengenezwa. Kapteni wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki, na kisa chao kimesimuliwa duniani kwa karne nzima, kila msimulizi akiongeza chumvi: neno alilopiga kelele Berndt, kinywaji alichodhani rafiki yake amekunywa, idadi ya risasi zilizokosa. Hadithi tamu namna hiyo inahitaji kuchunguzwa mara mbili. Karibu kila toleo limetoka kwenye sitaha ya meli ya Kiingereza. Wavuvi wa Liuli waliosikia mzinga asubuhi ile hawakuulizwa, na swali la watoto wa wavuvi hao bado liko wazi.

Kuuliza nako ni ufundi. Kijana akifika kwa mzee, akaamkia, akaketi, kisha akasema, "Babu, Songea alikuwa shujaa?" mzee atajibu "Ndiyo, mjukuu wangu," na mahojiano yamekwisha. Amempa jibu ndani ya swali. Akiuliza badala yake, "Babu, mlima huu uliitwaje zamani, na nani wa ukoo wetu alianza kulima hapa?" mzee ataanza na mlima, atafika kwa babu yake, atafika kwa sababu ya kupanda huku juu, na jina la Mngoni litakuja lenyewe pale linapostahili. Mtafiti aandike na maneno ya Kimatengo kama yalivyotamkwa, kabla ya kuyatafsiri. Aandike nani alikuwepo wakati wa mazungumzo, kwa kuwa mzee husimulia tofauti akiwa na mwenyekiti wa kijiji pembeni. Aulize pia alikoipata habari: kwa babu mzaa baba, kwa mwalimu wa darasa la nne, au kwa redio ya siku ya maadhimisho. Leo, miaka zaidi ya 100 baada ya vita, mengi yanayosimuliwa vijijini yamekwisha kupita vitabuni na kurudi, na ni lazima kujua kipi ni mto na kipi ni mfereji uliochimbwa kutoka mto huo huo.

Na wanawake waulizwe. Makumbusho ya Songea yanamtaja Mkomanile, mwanamke pekee miongoni mwa walionyongwa. Kama mwanamke mmoja alikuwa na uzito wa kumtisha Mjerumani kiasi hicho, kulikuwa na mengine ya wanawake katika vita vile ambayo wanaume hawakuyasimulia kwa vijana wa 1968. Bibi anayefunika majani kwa udongo wa ngoro anajua habari za njaa iliyofuata vita, kwa sababu aliyelisha watoto wakati ule alikuwa bibi yake.

Ikifika zamu ya kuandika, insha ianze na kitu kimoja kinachoonekana: shimo, kaburi lililo kando, jina lenye S mbili. Isianze na kuzaliwa kwa mhusika, hasa mhusika ambaye hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa. Kila dai libebe mwenye nalo ndani ya sentensi: Götzen anasema, wazee wa Litembo wanasema, padri wa Kigonsera aliandika. Msomaji aone mwandishi anavyopima, akiweza kutokubaliana naye kwa ushahidi ule ule.

Rasimu ikikamilika, irudi kwa waliotoa habari. Mtafiti asome kwa sauti, polepole, ukurasa unaomhusu mzee, na kalamu iwe mkononi. Huenda mzee akanyamaza mpaka kwenye sentensi inayosema Wamatengo walihamia milimani, kisha akainua mkono: hawakuhama, walikimbia. Neno linafutwa, jipya linaandikwa juu yake pamoja na jina la aliyelisahihisha na tarehe, na aya yote iliyojengwa juu ya neno la kwanza inaanza kuandikwa upya jioni ile ile.